Nikinunua diski ya kasi, mwanangu ataacha kuzungumza nami

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako katika jambo ambalo huenda hujawahi kuulizwa hapa, kwa sababu wengi wanaokuandikia wana shida za waume na wake na mawifi, na mimi ndoa yangu haina neno, shida yangu ni diski ya kompyuta, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho.

Mimi ni kinyozi, nina saluni ya viti viwili, na kama unavyojua kinyozi asiyeongea hana wateja, kwa hiyo naongea kutwa, mpira, siasa, bei ya sabuni, magoti ya wazee, mtu akikaa kwenye kiti changu hata awe mkimya namna gani atainuka amenisimulia kitu, lakini mwanangu wa pekee, ambaye nimemnyoa mwenyewe tangu kichwa chake kinaenea kwenye kiganja, mimi na yeye tangu aote ndevu tumekuwa watu wa salamu tu. Hatujagombana, naomba nieleweke, hakuna aliyemkosea mwenzake, ni maneno tu hayapatikani. Sasa hivi ni fundi wa lifti katika mji mwingine, na akimpigia mama yake simu wanaongea mpaka mboga inaungua jikoni, kisha mama yake ananikabidhi simu, naye anasema, "Shikamoo, Baba," nasema marahaba, anasema, "Kazi?" nasema inaendelea, anasema, "Haya, Baba," nasema haya, na simu inarudi kwa mwenyewe. Mke wangu husema, "Nyinyi wawili mnaongea kama watu wanaotozwa kwa kila neno."

Alipohama aliniachia kompyuta yake ya kuchezea gemu, ambayo aliiunda mwenyewe kipande kwa kipande, akaniambia, "Baba, usiiache ikae bure, itaharibika," akaniwekea mchezo mmoja wa watu wawili, akanipa jina la Mkasi, yeye anajiita Ghorofa, nami nikaiweka kompyuta chumba cha nyuma cha saluni, nyuma ya pazia, karibu na taulo. Jioni nikishafunga, naye akishatoka kazini, tunakutana humo. Tunapita katika mji uliobomoka, tunapigana na mazimwi, na kila eneo likiisha kuna mlango mkubwa wa chuma, ukifika hapo lazima kompyuta ipakie eneo linalofuata ndipo mlango ufunguke. Wa kwake, kwa kuwa huko aliko ana kompyuta mpya, unafunguka kufumba na kufumbua. Mimi diski yangu ni ile ya zamani, ya kuzunguka, ukitega sikio unaisikia mle ndani inachakura kama kuku, na mlango wangu unachukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Mchezo unamruhusu aliyefunguliwa atangulie, mwenzake atamkuta mbele, lakini yeye hunisubiri pale, wote tumevaa hedfoni, na hapo ndipo anapoanza kuongea.

Anaongea, mshauri. Mlangoni ndipo nilipojua kwamba siku moja taa zilizimika akiwa ndani ya shimo la lifti, akakaa peke yake amekumbatia chuma, akaogopa mpaka akaimba, na kwamba mama yake hajaambiwa na nisimwambie. Mlangoni ndipo nilipojua kwamba mkuu wake wa kazi anamsifia mbele ya wengine na yeye anaona aibu. Mlangoni aliniuliza kama na mimi nilipoanza kazi mikono ilitetemeka, nikamwambia mteja wangu wa kwanza alitoka na nyusi moja, akacheka mpaka hedfoni zikanikwaruza masikio, na mimi nikacheka, na siku ile nilifika nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuieleza. Mlango ukishafunguka yanabaki, "Kushoto, Baba. Inama. Piga hilo. Umekufa tena, Baba."

Sasa anakuja likizo, na ameniambia, "Baba, hiyo diski tuibadilishe, nitaota mvi hapa mlangoni. Nenda dukani uchague mwenyewe, mimi nikija naifunga tu." Akanieleza kwamba ziko za aina mbili, zote hazina kitu kinachozunguka, moja ni kisanduku bapa kinachounganishwa kwa waya na ina kasi ya kutosha, nyingine ni kijiti chembamba kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta, na hicho ndicho kiboko yao. Nikaenda. Nikamwambia dada anayeuza, "Nipe iliyo bora, lakini isiwe na haraka sana." Akasema, "Una maana ya bei nafuu, mzee?" Nikasema hela ninayo, nataka tu ichelewechelewe kidogo. Akaniangalia kama mtu aliyeingia kuulizia viatu vinavyobana, akasema, "Mzee wangu, watu wote wanakuja hapa kuikimbia foleni, wewe ni wa kwanza kuja kuinunua." Nikatoka mikono mitupu.

Mwanangu nikamwambia dukani zimeisha. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikamwambia nimeambiwa ubao wa kompyuta hii hauzipokei. Akasema, "Sawa, Baba," tukaendelea.

Na sasa nakuja kwenye kinachoninyima raha. Siku chache zilizopita tulikuwa mlangoni, mimi nasikiliza diski ikichakura, mara akasema, "Baba, hivi wewe ulijuaje kama," na hapo hapo mlango ukafunguka, mazimwi matatu yakatuvamia, akasema, "Kulia, Baba, kulia," na mimi nikafa palepale kwa sababu sikuwa naangalia. Tulipomaliza akaniaga. Hajalirudia lile swali na mimi sijamuuliza. Mke wangu anasema ni habari ya mchumba, mimi sijui, huenda ni kazi, huenda anaumwa, ninachojua ni kwamba mwanangu alitaka kuniuliza kitu mimi, si mama yake, na mlango ukamkatiza, sasa nikiweka diski ambayo mlango unafunguka mara moja hata hilo nusu swali sitalisikia tena. Nimefikiria ninunue kile kisanduku bapa, cha katikati, ili angalau kibaki kidogo cha kusubiriana, naye aridhike kwamba nimebadilisha. Naomba uniambie nichague ipi, na kama nitakosea uniambie pia, maana likizo yake inakaribia na mimi naogopa kumpoteza.

Ni mimi, Mkasi.

MSHAURI ANAJIBU

Mkasi, nimecheka, lakini nimefika mwisho kwanza kama ulivyoniomba, na pale mwisho kicheko kiliniishia. Tuanze na ulichouliza, kwa sababu diski ni rahisi kuliko wewe.

Nimemwendea fundi anayetunza kompyuta za hapa ofisini. Anasema nunua kijiti. Kabla ya kununua, fungua ubavu wa kompyuta au piga picha ubao wake mkuu uende nayo dukani, kwa sababu nafasi za kuchomeka vijiti zinaweza kufanana kwa macho, moja ikapokea cha kasi na nyingine isikitambue kabisa. Ukubwa usipungue terabaiti moja; gemu za siku hizi ni nzito, na diski ikijaa pomoni mwendo unapungua. Vijiti vya kasi hupata moto, kwa hiyo chukua chenye kibamba cha chuma cha kupozea, mradi kinaenea mahali pake. Nunua kwenye duka linalotoa dhamana ya maandishi, maana vya bandia ni vingi, kinaandikwa kikubwa nje na ndani ni kidogo. Ile diski yako ya zamani usiitupe, iache humo humo kama stoo ya picha.

Kuhusu ujanja wako wa kuchukua cha katikati, fundi wetu alitikisa kichwa. Anasema ukitoka kwenye diski ya kuzunguka, chochote kati ya hivyo viwili utakiona kama umeme. Kijiti kina kasi zaidi, ndiyo, lakini pale kwenye mlango wa mchezo tofauti yao ni ndogo, na kisanduku bapa nacho kitakufungulia kabla hujameza mate. Yaani ungemdanganya mwanao, ungempuuza yule dada wa dukani aliyekueleza ukweli, na foleni yako ungeikosa vilevile. Diski ya kuchelewachelewa kidogo haiuzwi, baba.

Sasa nikugombeze. Umemwambia kwamba ubao hauzipokei. Umemwambia nani? Mtu aliyeuunda, kipande kwa kipande, umeandika wewe mwenyewe. Alijua papo hapo kwamba unamdanganya. Alichoshindwa kujua ni kwa nini, na mtoto ambaye baba yake anamkwepa bila sababu hujitafutia sababu, na mara nyingi anachagua mbaya. Huenda anadhani umechoka kucheza naye. Huenda anadhani unacheza kwa kumhurumia. Wakati wewe unailinda diski ili asiache kukuongelesha, yeye yuko upande wa pili anajiuliza kama unataka aongee.

Kisha kuna hili ambalo umeliandika halafu ukalipita mbio. Umesema mchezo unamruhusu aliyefunguliwa atangulie, mwenzake atamkuta mbele. Mlango wa mwanao unafunguka kufumba na kufumbua. Tangu mmeanza kucheza, kila mlango, kwa kila eneo, uko wazi mbele yake na yeye haingii. Hakuna diski inayomzuia, Mkasi, yake ni ya kasi. Diski yako inakuchelewesha wewe peke yako. Yeye anasimama pale kwa hiari yake, na analalamika kuhusu mvi kama wewe unavyowalalamikia wateja kuhusu joto, ili pawe na la kusema.

Kwa hiyo kumpoteza humpotezi kwa sababu ya kijiti. Unaweza kumpoteza kwa kumwachia yeye kila siku kazi ya kuanza. Nimehesabu katika barua yako kila kilichosemwa mlangoni, na kila mara aliyeanza ni yeye. Wewe unayemfanya mtu mkimya ainuke kwenye kiti amekusimulia kitu, umekaa pale unasikiliza diski. Siamini kwamba maneno hayapatikani. Unayo, unawapa wale wazee wa magoti saluni.

Fanya hivi. Usimpigie simu, simu mmeishindwa nyote wawili na sioni sababu ya kuwarudisha huko. Leo jioni bado una diski mbovu, basi itumie. Mkifika mlango wa kwanza tu, kabla haijaanza kuchakura, mwambie ulimdanganya kuhusu ubao na umwambie kwa nini, kama ulivyoniambia mimi: kwamba unapenda anapokusubiri. Itakuwa vigumu, na huenda akakaa kimya. Usiujaze ukimya wake kwa habari za mpira. Kisha muulize, "Ulitaka kuniuliza nilijuaje nini?" na baada ya hapo unyamaze, ambalo kwa kinyozi najua ni adhabu. Usibahatishe jibu na usimtajie anachodhani mama yake. Kama ni mchumba atasema, kama ni ugonjwa atasema, na kama hujui la kumjibu, mwambie hujui. Yule mteja wa nyusi moja alikufikisha mbali kuliko ushauri wowote ambao ungempa mwanao.

Kijiti kinunue kesho, mwombe radhi yule dada. Mwanao akija, mkae wote wawili sakafuni chumba cha nyuma, yeye afunge, wewe ushike tochi, na mwisho wa likizo, kabla hajaondoka, mnyoe. Mtu akiwa chini ya mkono wako na kichwa kimeinama hakimbii popote, wala hapo hakuna zimwi.

Halafu siku akisharudi kazini, mkikutana tena mchezoni na mlango wako ukafunguka kufumba na kufumbua kama wa kwake, usiingie. Mtasimama pale wawili, mlango uko wazi, na yeye atasema, "Twende, Baba." Mwambie, "Subiri kidogo, mwanangu," umuulize habari za kazi.