Wifi Kwenye Chumba cha Ultrasaundi

Asifiwe, uko wapi? Soma hii halafu ufute.

Nimetoka kupigwa ultrasaundi ya ile mitoki ya shingoni. Mama mkwe aling'ang'ania, eti kwao mgonjwa haendi hospitali peke yake. Akanipa wifi Dainess anisindikize. Kaingia na mimi mpaka ndani!

Daktari ananipitishia kile kifaa shingoni na kwapani, macho kwenye skrini, anasema kwa sauti, "Tezi zimevimba, na za kwapani pia. Inaweza kuwa TB. Dawa zako za VVU unameza kila siku?"

Mbele ya wifi, Asifiwe. MBELE YA WIFI!

Siri niliyokwambia wewe tu! Vidonge ninavyoficha kwenye debe la mchele mume wangu Gwamaka asivione, nikidhani mimi ndiye niliyemletea kifo.

Nikaanza kulia. Dainess hata hakushtuka. Akanifuta jeli kwa kanga yake, akasema, "Nyamaza. Kaka alianza kumeza hizo dawa kabla hajakuoa."

Nikamuuliza, mlijua? Wote mlijua?

"Ndiyo maana tulimtafutia wewe, mwalimu wa kutoka mbali. Msichana wa hapa kwetu Ipinda angeulizia habari zake kwanza."