Bakuli Lililobaki kwa Bi Mashavu

Mkunazini, Unguja
Oktoba 1971

Mpendwa Bi Mize,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba jina langu ulifiche gazetini, maana hata barua hii naiandika huku nimefunga mlango.

Mimi ni mwanamke wa makamo, mjane, nina binti mmoja tu, Tabia, ambaye anaolewa mwisho wa Shaabani hii kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, inshallah, na badala ya kufurahi kama mama wenzangu mimi nalala na aibu na kuamka nayo, na sababu yake ni hii nitakayokueleza, tafadhali usinicheke.

Tuna chama chetu cha kinamama cha kusaidiana kwenye harusi na misiba, mkubwa wetu ni Bi Mashavu wa Malindi, na mimi ndiye niliyekuwa mshika upatu, wenzangu wote wakiniletea mimi pesa zao niziweke mpaka zamu ya mtu ifike, na mwaka juzi ikaja harusi ya mtoto wa shemeji yangu, sijui shetani gani alinipanda, nikazitia mkono zile pesa nikanunua kanga mpya, na viatu, na udi wa maana, na marashi, nikaingia harusini nanukia mpaka watu wanageuka, wakasema huyu leo kapendeza kweli, na moyoni nikijua kwamba nilichokivaa ni zamu ya Mwamvua, kwa kuwa iliyofuata ilikuwa yake, naye alikuwa akiingojea apaue nyumba.

Zamu ilipofika sikuwa na kitu. Wenzangu wakachanga upya ili Mwamvua apate pesa zake, lakini mpaka zikatimia, masika ilikuwa imeshamkuta na paa lake bovu. Mimi nikaitwa kwa Bi Mashavu, wote wamekaa jamvini, mimi nimesimama mlangoni, natamani ardhi ipasuke niingie. Bi Mashavu hakunitukana. Alisema, "Kwa hakimu hatukupeleki, wewe mwenzetu. Utalipa kidogo kidogo mpaka umalize. Lakini sare yetu utaivua, na jamvini hukai. Siku utayomaliza ntakwita, tutakusomea Fatiha mbele ya wote hawa, na sare yako utapewa." Nikasema naam, nikatoka.

Na nimelipa, Bi Mize. Nimekaanga maandazi na bajia nikauza mlangoni, na unga wenyewe wa siku hizi unaujua, mpaka usimame foleni tangu alfajiri, na kila nikipata chochote nilikitia katika bakuli langu la maua aliloniachia marehemu mama, nikafunika kwa mkate, nikamtuma Tabia alipeleke Malindi, ili majirani wadhani ni mkate tu unakwenda kwa watu, kwa sababu mimi uso wa kwenda mwenyewe sikuwa nao. Siku moja Tabia akaniambia, "Mama, mkate huu mbona unalia?" Nikamwambia funika vizuri, wende zako. Bakuli likirudi halirudi tupu, desturi yetu unaijua, huja na ndimu, au chumvi, au kipande cha halua.

Kila mara Bi Mashavu akimwuliza Tabia, "Mamako hajambo?"

"Hajambo."

"Miguu haimuumi?"

Tabia aliponieleza, nikamfundisha ajibu kwamba inaniuma, na tokea hapo miguu yangu ikawa inauma kwa Bi Mashavu huku Darajani sokoni watu wananiona natembea.

Rajabu iliyopita nikapeleka fungu la mwisho. Tabia akarudi mikono mitupu. Nikamwuliza bakuli liko wapi. Akanijibu, "Kahesabu, kasema deni limekwisha, hakuna kilichobaki. Halafu bakuli kalitia kabatini. Kasema, mwambie mamako bakuli lake alifuate mwenyewe, miguu ikishapona."

Bi Mize, nililia. Hiyo ni nini kama si kejeli, na kunizuilia bakuli la mama yangu kama rehani, hali nimeshalipa mpaka senti ya mwisho? Tangu siku hiyo nangoja kuitwa, na sijaitwa. Wenzangu wameshafanya shughuli mbili, moja nyumba ya pili na hapa kwangu, nikisikia vigelegele nafunga dirisha. Na wakwe wa Tabia ni watu wa Makunduchi, watakuja gari nzima, wakikuta mama wa bibi harusi yuko jikoni peke yake hana hata mtu wa kumkunia nazi, watauliza, na wakiuliza watajibiwa. Juzi Tabia mwenyewe kaniambia, "Mama, tufunge ndoa tu, shughuli si lazima." Mtoto ananistiri mimi, Bi Mize, wakati mimi ndiye wa kumstiri yeye.

Sasa nifanye nini? Niende kwa hakimu nikaombe karatasi ya kuthibitisha kwamba nimemaliza kulipa? Nimtume Tabia akadai bakuli? Au ninyamaze tu, nimwoze mwanangu kimya kimya?

Ni mimi,
Mwenye Uso Chini

*

Marahaba, bibi.

Jina lako nimelificha, na ya wenzako nimeyabadilisha. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakasirika. Pokea vyote viwili.

Pesa za upatu kuzila ni vibaya, na hilo unalijua kuliko mimi, sitakuongezea. Wapo wanaozila wakahama mtaa. Wewe hukuhama. Umesimama foleni, umekaanga, umelipa mpaka ukamaliza. Kwa hilo una heshima yako, na hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Pesa za watu ulizitumia ili uonekane, kisha ukazilipa kwa kujificha. Na kati ya wewe na aibu yako ukamweka Tabia. Binti anayekaribia kuolewa umembebesha deni ambalo hakulila, kutoka Mkunazini mpaka Malindi, kila fungu, na juu yake ukamtia uongo wa miguu mdomoni. Ulidhani umemfumba nani macho kwa mkate ule? Mwanao aliusikia unalia, na majirani wana masikio pia. Kisha unashangaa mtoto anataka kuolewa bila ya vigelegele!

Tuje kwenye bakuli. Wewe mzaliwa wa hapa au umeteremka bandarini jana? Umeandika kwa mkono wako kwamba bakuli la mtu halirudi tupu. Haya, Bi Mashavu amelipokea fungu la mwisho, deni limekwisha. Alitilie nini safari hii? Ndimu? Alichokuwekea ni Fatiha na sare, na hivyo havifunikwi kwa kitambaa akapewa mtoto alete. Alikwambia siku utakayomaliza atakuita, na siku hiyo hiyo uliyomaliza alikuita, tena kwa maneno ambayo hata Tabia ameyafikisha vizuri. Zaidi ya mwaka anauliza habari ya miguu yako kwa sababu anataka kuiona mlangoni pake. Yeye anangoja uende, wewe unangoja uitwe, na Shaabani inakwisha.

Kwa hakimu usiende. Karatasi yake utamwonyesha nani, watu wa Makunduchi? Deni hili lilifungwa jamvini, mbele ya watu, na huko huko ndiko litakakofunguliwa.

Lakini kabla ya Malindi una pahali pengine pa kwenda. Barua yako ni ndefu, bibi. Imo kanga, yamo marashi, umo udi, yamo machozi yako. Nimetafuta ndani yake neno moja ulilowahi kumwambia Mwamvua, sikuliona. Mwanamke yule masika imemnyeshea ndani ya nyumba yake ili wewe unukie usiku mmoja. Pesa zake amezipata. Radhi hujamtaka. Anza kwake. Usichukue mkate, usichukue maelezo. Mwambie ulichofanya, mwambie akusamehe, kisha nyamaza umsikilize atakalosema, hata likiwa chungu. Ana haki ya kulisema.

Ukitoka hapo, nenda Malindi siku hiyo hiyo. Pita njia kubwa, si vichochoroni, na anayekusalimu mwitikie. Bisha hodi. Akikuuliza miguu, sema kweli kwamba haikuwa ikiuma. Mtake radhi, na umwombe awaite wenzako. Habari ya harusi usiitaje wewe. Kinamama wale wanajua tarehe kuliko mkwe wako. Kisha nyoosha mikono miwili upokee bakuli lako.

Gazeti hili linatoka Ijumaa, na majina niliyoyabadilisha hayatamdanganya Bi Mashavu hata kwa dakika moja. Kwa hivyo ukilisoma asubuhi, usingoje jioni. Afadhali akuone wewe kabla hajaiona barua yako.

Na wakati unavaa buibui, Tabia atasimama atake kukupokea safari, kwa kuwa ndivyo ulivyomzoesha. Mwambie akae. Amekwenda vya kutosha.

Bi Mize