Anakujaga Jioni

Jumatano, 3 Septemba 2025

Mwanangu Tabitha amelala. Anaota jino la tatu na sisi wote tunaliota pamoja naye. Cherehani ina sketi nne za shule zinanisubiri. Nimeamua kuandika kwanza, maana nikishona na hasira nitashona mkono wangu.

Leo nimekuwa jaji. Mwezi uliopita nilipiga simu redioni kubishana na mtangazaji kuhusu filamu, wakachukua namba yangu, na leo nimekaa kwenye ofisi ya kamati ya tuzo za filamu hapa Musoma mjini, kwenye kiti kilichoandikwa "mwakilishi wa watazamaji". Majaji tuko watatu. Mwenyekiti ni Mwalimu Nyamhanga, amestaafu, amefundisha Kiswahili miaka thelathini na kitu. Wa pili Fredi, mwenye banda la video Manyamanyama kule Bunda. Filamu za nje anazitafsiri yeye mwenyewe kwenye maiki huku zinaendelea, mpaka sauti za ngumi anazitoa kwa mdomo. Wa tatu mimi, mtoto mgongoni.

Kazi yetu ni kuchagua Filamu Bora ya Mwaka. Mshindi anapewa kamera na filamu yake inapelekwa Mwanza kuonyeshwa. Zimebaki mbili. Mzigo wa Mwigobero — magendo, boti zinafukuzana ziwani, picha zimepigwa kutoka juu na droni. Na Maziwa ya Jioni, imepigwa kwa simu na binti wa Butiama, anaitwa Matrida. Hiyo ni ya mama mmoja mjane. Kila jioni anakamua ng'ombe, anaweka maziwa ya mume kwenye kibuyu, watoto wakimuuliza anajibu, "Baba yenu anakujaga jioni." Mume alishakufa. Kijiji kizima kinajua na hakuna anayemwambia kitu. Kila siku hivyo. Mpaka mwisho, siku moja, anayanywa yale maziwa mwenyewe, anafuta mdomo, anasema, "Alikuwaga anakuja jioni." Basi. Imeisha.

Nililia. Tabitha akaja juu ya bega kunishika pua.

Mwalimu akawasha taa. Akasema hadithi nzuri, mama anaigiza vizuri, ila lugha ni aibu. Anakujaga ndiyo nini? Amehesabu "ga" arobaini na moja. Kwenye kipengele cha lugha ameweka sifuri.

Nilikuwa na la kusema. Sikulisema. Nimerudi nyumbani Makoko naongea peke yangu njia nzima, watu wananipisha.

Ijumaa, 5 Septemba

Kikao cha pili. Leo nimesema.

Nikamwambia, Mwalimu, hiyo "ga" ndiyo filamu yenyewe. Akisema anakujaga, mume bado yupo. Akisema alikuwaga anakuja, amemzika. Filamu nzima ni huyo mama anatembea kutoka neno moja kwenda lingine.

Mwalimu akasema Kiswahili kina namna yake ya kusema mazoea. "Huja. Baba yenu huja jioni. Unakosa nini hapo?"

"Namkosa huyo mama, Mwalimu. Hakuna mtu Butiama anayemwambia mtoto wake baba yako huja."

Akanitazama kama nimemletea daftari lisilo na jalada. "Binti, Kiswahili ulipata ngapi kidato cha nne?"

"C."

Fredi akacheka halafu akajifanya anakohoa.

Yeye Fredi yuko upande wa Mzigo wa Mwigobero. Anasema watu wake wakikaa dakika tatu bila ngumi wanaanza kuulizana mlango uko wapi. Lakini hata kama angekuwa na wazo lingine sijui angelitolea wapi. Mwalimu alimfundisha darasa la tano. Mpaka leo akiingia ofisini anasimama wima, shikamoo Mwalimu, na akitaka kuongea ananyoosha kidole. Mwanaume ana watoto watatu!

Nyumbani nikamweleza Thadeo. Mume wangu anatengeneza simu Nyasho, kwa hiyo anajiona mtaalamu wa kila kitu chenye kioo. Akasema, "Na wewe si unasemaga hivyo hivyo? Umeenda kujitetea mwenyewe huko."

Nikamwambia leo ajipakulie.

Jumapili, 7 Septemba

Bunda. Tumezionyesha zote mbili kwenye banda la Fredi ili tuone watazamaji wanasemaje. Mwigobero ilipigiwa miluzi mwanzo mwisho. Ikaja Maziwa. Vijana wakaanza: ngumi saa ngapi? Mmoja akapaza sauti, "Fredi, mtafsirie huyo mama, mume wake afufuke atupe mambo!" Banda zima likacheka. Nikaona aibu kama ni mimi niliyeitengeneza.

Halafu kwenye kibuyu cha tatu wakanyamaza. Hivyo tu. Nikamwangalia Fredi — maiki mkononi, hajaiwasha, mdomo wazi.

Wakati wa kutoka akanifuata. "Mama Tabitha, hili banda halijawahi kunyamaza namna hii tangu umeme ukatike kwenye fainali."

"Basi ipigie kura."

"Mwalimu hataki."

"Fredi, una miaka mingapi?"

"Thelathini na nane," akasema. Swali hakulielewa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimechoka mpaka kwenye nywele lakini haya lazima niyaandike.

Tumeenda Butiama, ukumbi wa parokia. Kabla ya kuanza nimemkuta mama wa kwenye filamu, Yuliana. Ni mama mzazi wa Matrida! Sikujua. Anauza maziwa, hajawahi kuigiza kitu maishani. Mume wake amefariki mwaka wa tatu huu. Nikamuuliza yale maneno alifundishwa na nani. Akashangaa. "Nani atanifundisha? Matrida aliniambia mama, sema vile unasemaga. Nikasema." Akanyoosha mikono, akamchukua Tabitha bila kuniomba, akamweka begani. Mtoto aliyenitesa siku tatu akalala palepale! Nilitaka kumwachia kabisa.

Filamu ikaanza. Mama kwenye skrini anasema anakujaga jioni, na mwanamke mmoja nyuma anaitikia, taratibu, "Anakujaga." Wa pili akaitikia. Mpaka katikati ni ukumbi mzima, kama kanisani. Kwenye maziwa ya mwisho hakuna aliyeitikia. Nikaona Mwalimu amevua miwani anaifuta na tai, anaifuta, anaifuta.

Nikajua tumeshinda.

Kwenye gari, tukirudi, akaanza. Amekubali. Hii ndiyo filamu bora, hana ubishi tena. Ila isahihishwe lugha kwanza. Matrida aingize sauti upya kwa Kiswahili sanifu, basi yeye atampa kura, na Fredi pia. Fredi kwenye usukani akatikisa kichwa ndiyo kabla hajaulizwa. Kama haisahihishwi, kura zao mbili zinakwenda Mwigobero.

Nikasema, Mwalimu, umeona kwa macho yako wale wamama.

Tukaikaribia Musoma. Halafu, bila kugeuka: "Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilisimama nikasema nyumbani tunakulaga ugali. Ukumbi mzima ulicheka. Waliniita Kulaga mpaka namaliza. Watakapoionyesha Mwanza, sitaki mtoto wetu achekwe."

Na hiyo imeniudhi kuliko yote, maana nilikuwa najiandaa kumchukia vizuri.

Tatizo lingine ni kanuni. Filamu ikibadilishwa baada ya tarehe ya mwisho, majaji wote watatu lazima wasaini fomu ya kukubali. Wote. Kwa hiyo wananihitaji. Nisiposaini, Matrida hapati kitu.

Alhamisi, 11 Septemba

Matrida amepiga simu asubuhi, nipo kwenye nepi. Ana furaha huyo. "Dada, alichosema Mwalimu nimeshamaliza! Nimeingiza sauti ya Anastazia."

Anastazia ni yule mtangazaji wa redio niliyebishana naye. Sauti laini, kila neno limepigwa pasi.

"Na mama yako?"

Akaanza kunieleza walivyorekodi.

"Matrida, mama yako anajua kwamba sauti yake imetolewa?"

Akasema bado. Akasema angemwita kurudia maneno lakini mama asingeweza, angecheka, angeharibu. Sura yake si ipo? Mwili wake wote upo. Ni sauti tu. "Dada naomba usimwambie kwanza. Saini tu. Simu niliyopigia filamu imekufa lenzi, bila hiyo kamera ya zawadi mimi sina filamu nyingine. Narudi kuuza maziwa."

Ana miaka ishirini na mbili. Mimi nikiwa na ishirini na mbili ningetoa sauti ya mama yangu kwa kitu kidogo zaidi ya hicho. Sijamjibu vizuri. Nilimwambia mtoto analia, na mtoto alikuwa anacheka.

Sina hasira naye. Ninayo. Nimefumua sketi moja mara mbili, pindo linakwenda upande.

Thadeo anasema saini, mtoto wa watu apate kamera, filamu ya pili ataifanya anavyotaka. Ana akili, Thadeo. Ndiyo maana sikutaka kumsikia. Nikamuuliza, siku nikifa, Tabitha akawa na video yangu namwimbia, ukaniwekea sauti ya mtu anayeimba vizuri, utakuwa umenitunza au umenitoa? Akasema mimi na mifano yangu. Halafu akamchukua mtoto akatoka naye uani, akakaa sana huko.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika kwenye benchi la Yuliana, Butiama. Saa tisa na dakika kama ishirini.

Asubuhi ofisini Mwalimu alinipa fomu na kalamu yake mwenyewe, ile ya wino. Saini yake ipo. Ya Fredi ipo, imeinama kama inaomba radhi. Nikasema nitasaini, ila Yuliana aione kwanza.

Mwalimu akasema mwenye filamu ni Matrida na ameridhia, huyo mama anaingiaje? Nikasema anaingia kwa mdomo wake, Mwalimu. Ni mdomo wake unaoongea pale. Mtu akisemea mdomo wangu ningependa niambiwe.

Akasema saa kumi kamili anatuma jina la mshindi. Nimtumie picha ya fomu kwa simu; ikiwa haina saini tatu anatuma Mwigobero. Hakufoka. Aliangalia saa ya ukutani tu.

Matrida akaanza kulia palepale ofisini, akasema dada unanimaliza. Nikamshika mkono. Nikamwambia sikumalizi, twende kwa mama. Sikumwachia mkono mpaka kwenye gari, maana nilijua nikimwachia atakimbia. Fredi ndiye ametuleta. Hakuombwa, na kwa Mwalimu hakunyoosha kidole. Alichukua funguo tu.

Yuliana alikuwa anaosha madumu. Alifurahi kutuona, akafuta mikono kwenye kitenge, akampokea Tabitha. Matrida alisimama nyuma yangu. Nikasema mimi: mama, filamu imebadilishwa sauti ili ishinde, tumekuja uione, ukisema hapana ni hapana. Akasema, "Eee, tuone." Akanirudishia mtoto ili ashike simu.

Ameiangalia mpaka mwisho, amesimama.

Mara ya kwanza mdomo wake ulipotoa ile sauti ya redio, baba yenu huja jioni, alimtazama Matrida, akarudi kwenye simu. Mara ya pili aliisogeza sikioni, kama mtu anayedhani mtandao unasumbua. Baada ya hapo hakusogea. Pale mwisho, kwenye maziwa — baba yenu alikuwa akija jioni, imetamkwa safi, hakuna anayeweza kuicheka Mwanza wala popote — alisubiri kidogo, kama kuna kingine kinakuja. Hakikuja. Akamrudishia binti yake simu kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgeni kitu chake.

"Anaongea vizuri huyu mama," akasema. "Na yeye mume wake alikufaga?"

Matrida ameinama. Fredi ametoka nje, namwona anazunguka gari, anapiga teke tairi ambalo halina kosa. Yuliana amerudi kwenye madumu yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, anasugua dumu ambalo nilishaliona safi.

Simu yangu inaita ndani ya mfuko wa nepi. Ni Mwalimu. Saa kumi kasoro dakika tisa. Kalamu yake ndiyo hii ninayoandikia. Fomu iko gotini kwangu, nafasi ya saini yangu bado tupu, Tabitha ameshika kona moja anaivuta kuipeleka mdomoni, kwenye lile jino, na mimi sijamzuia.