Tembo Wako Wako Mpakani

Baba Watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe tu. Mvua ikitishia, anua nguo.

Asubuhi ulinicheka mbele ya wanao, eti kwenye mchezo wetu wa vita taifa lako lina tembo, langu limeambulia wapiga mishale wembamba. ~~Sikukasirika.~~ Nilikasirika. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi! Umepima nguvu, hukupima mwendo. Tembo huenda hatua moja kila zamu, wangu tatu. Nawe tembo wote umewapeleka mpakani.

Zamu yangu nimecheza kabla ya kwenda kazini. Kompyuta nimeiacha wazi, usifute kitu.

Ila kula kwanza. Ukianza kutazama mji wako mkuu, maharage hayatapita kooni.

Mkeo, na sasa malkia wako