Papa wa Mutua

Jumamosi jioni

Bado nasikia harufu ya papa jikoni, na sitaki iishe.

Leo mvuvi mwenzake ametuletea begi la mume wangu, Mutua, kutoka chumbani kwake Kilifi. Ni mwezi sasa tangu boti yao izame, na Mutua hajapatikana. Katikati ya nguo kulikuwa na papa mkavu, wa kutuletea akija likizo.

Mama mkwe hali samaki, anasema ni nyoka wa maji. Mutua akija nao nilikuwa nampikia nje, kwa sufuria yake pekee.

Leo pia niliwasha moto nje. Mama akatoka.

"Pikia jikoni," akasema.

Alikula kipande chote, polepole. Kisha akaniuliza, "Alikuwa anapenda hivi, ama na nyanya?"

Nilitaka kumfokea. Mutua alingoja swali hilo miaka yote.

"Na nyanya, Mama."