Kuku Hakujichagulia Rangi

Kaka Njuguna,

Mama amefariki. Tulimzika hapa kambini. Sikukuita kwa sababu sikutaka kukuona.

Unakumbuka kuku wetu kule shambani Njoro? Mke wa bwana shamba alimpa mama jogoo mweupe, tukaanza kupata vifaranga weupe na wengine wa madoadoa ya rangi ya udongo. Mwewe aliwamaliza weupe, maana aliwaona kutoka mbali kwenye nyasi kavu. Wa madoadoa wakakua, wakataga, mpaka banda zima likawa rangi ya udongo. Mama akasema kuku wamejifunza kujificha. Wewe, uliyekuja likizo kutoka shuleni, ukacheka.

"Hapana, mama. Hakuna kuku aliyebadilika. Mweupe alikufa mweupe. Aliyebaki ndiye aliyezaa, na watoto wakafuata rangi yake."

Jinsi nilivyojivunia kaka yangu!

Kisha, wakati wa Mau Mau, serikali ya wakoloni ikatufukuza Wakikuyu mashambani. Lori lilitushusha stesheni ya Nakuru, mvua inanyesha, mama anakohoa. Nawe ulikuwa pale, karani, umesimama na askari. Tulishasikia kwamba umejiita Yohana, mtu wa Maragoli, kabila lisilofukuzwa, ili usipoteze kazi. Mama akakuita kwa jina alilokupa. Askari akakuuliza, "Unamjua huyu mama?"

"Simjui," ukasema, ukaingia ofisini.

Ungeomba radhi, ningekusikiliza. Lakini ulinitumia maneno ati, "Mwambie dada asikasirike. Ni maumbile tu. Anayefanana na udongo ndiye hubaki."

Maumbile! Usimsingizie mwewe, Njuguna. Kuku hakujichagulia rangi. Alizaliwa nayo, wala hakumkana mamake ili aipate. Wewe ulichagua, mchana kweupe, akili timamu, viatu vikavu.

Na hujui kilichofuata. Askari alimgeukia mama. "Yule ni mtoto wako?"

Mama akajifuta mvua usoni. "Hapana, bwana. Nimemfananisha."

Hakulitaja jina lako tena, hata homa ilipompanda. Nilipokuwa nikikutukana, alinifunika mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Watamsikia."

Nilitaka kuandika jina lako la kweli juu ya bahasha hii, kwa herufi kubwa, ofisi nzima isome. Mama aliniapisha siku aliyokata roho. Kwa hiyo nimeandika Yohana. Usinishukuru mimi.

Dada yako,
mtoto wa yule mama usiyemjua