Macho Uliyoyaweka Bila Kuniambia

Mama yangu,

Jana walitufungulia sisi watu wa Cité, mtaa wa Waafrika, ule ukumbi wa maonyesho wa Wazungu, alasiri moja tu, na nisamehe, nilipiga kelele mbele za watu.

Nilikwenda kuangalia picha zako, wewe ambaye hakuna aliyekufundisha kuchora. Ulitoka Aljeria ukiwa yaya wa watoto wa Kizungu, ukaja nao huku kwetu, ukaolewa na Baba, fundi cherehani, ukaanza na vumbi la matofali na buluu ya kufulia. Brashi uliitengeneza kwa nywele zangu, ukazifunga kwa uzi wa Baba. Ukachora vibao vya maduka, watu wote bila macho. Unamkumbuka yule kinyozi, wateja walivyokicheka kibao chake?

"Mama, uyu muntu haiko na macho! Ba-client banaseka!"

"Macho ni ya Mungu," ukamjibu. "Miye naweka kichwa tu."

Baadaye Wazungu wakaanza kununua, na hao hawakulalamika. Mimi nililalamika. Nilikuwa na miaka tisa, ukanikalisha juu ya debe la mafuta asubuhi nzima, kitambaa chekundu kichwani. "Usitikisike." Ulipomaliza nikakimbia kujitazama, nikakuta uso mtupu. Nililia: "Mama, miye pia siko muntu?" Ulikuwa unaosha brashi, hukugeuka. Picha ikauzwa, nami nikabaki na kinyongo hata baada ya kukuzika. Leo nakuambia wazi.

Basi jana, pale ukutani, nikaliona debe, nikakiona kitambaa changu. Na macho! Macho mawili yananitazama. Hasira zikanipanda.

"Nani ameharibu kazi ya Mama?"

Mzee anayelinda mlango akaja mbio. "Hakuna muntu mwenye aligusa, mwana. Ilifika vile."

Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Kwenye jicho la kushoto unywele umekwama ndani ya rangi, mfupi, wa kujikunja. Ni wangu, Mama. Ni brashi yako. Wewe uliyemwachia Mungu macho ya watu wote, yangu uliyaweka mwenyewe kabla picha haijauzwa, kisha ukaninyamazia hadi tunakuzika. Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hiyo nimekukasirikia bure!

Walipotaka kufunga, mzee aliniita mara tatu. Nilikuwa bado nimesimama mbele ya macho yale, na sikutikisika.

Pumzika, Mama.

Binti yako,
yule wa juu ya debe